Kinga Ipo, Iko au Imo? Maoni juu ya Seli B na Lugha ya Mahali

Katika maandishi na matangazo ya afya yanayotolewa kwa Kiswahili, neno kinga limezungukwa na vitenzi vichache vinavyojirudia: kinga hupanda, hushuka, huongezeka, hupungua, huimarika. Vyote ni vitenzi vya kipimo. Vinaichukulia kinga kama maji ya mtungini, ambayo jambo la pekee la kuuliza juu yake ni kiasi chake. Ni nadra kumsikia mganga, mwalimu au mtangazaji akiuliza kinga hiyo imo wapi. Makala haya yanatoa maoni kwamba swali hilo la mahali ni miongoni mwa maswali makubwa ya elimu ya kinga ya leo; kwamba Kiswahili kina zana za kisarufi za kulijibu kwa usahihi ambao lugha tunazozikopa maneno hazina; na kwamba kwa kutozitumia zana hizo tunawachanganya watu wale wale tunaodai kuwaelimisha. Mfano wetu mkuu utakuwa ni seli B, na mahali tutakapoijaribia hoja ni Milepa, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa.

Tuanze na neno lenyewe. Kifupisho UKIMWI kilipoenea katika miaka ya 1980, palikuwa na waliokifafanua kuwa ni Ukosefu wa Kinga Mwilini na waliokifafanua kuwa ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Upungufu ukashinda, tena kwa sababu nzuri, maana mgonjwa hakosi kinga yote. Lakini ubishi huo ulihusu neno la kwanza tu. Neno la mwisho, mwilini, lilipita bila kuulizwa lolote. Sambamba nalo tunalo neno kingamwili, ambatani ya nomino mbili ambamo kiambishi -ni hakimo. Kwa mwanamofolojia hilo si jambo la ajabu, kwa sababu ambatani za Kiswahili hupenda mashina yasiyo na mapambo. Hata hivyo, kimaana pana tofauti: kinga mwilini ni kinga iliyo mahali fulani, ilhali kingamwili ni kinga ya kitu fulani. Tulipodondosha -ni tulidondosha pamoja nayo swali la wapi. Isitoshe, neno hilo limebebeshwa mizigo miwili. Mara ni protini inayotengenezwa na seli ili kushika vijidudu, mara ni mfumo mzima wa ulinzi. Katika makala haya tutalitumia kwa maana ya protini tu. Ulinzi kwa ujumla wake tutauita kinga.

Herufi iliyo anwani

Wasomaji wengi hudhani kwamba herufi B katika istilahi seli B ni ya kuorodhesha tu, kama ilivyo katika vitamini A, B na C. La hasha. Ni kifupi cha jina la mahali. Kuku ana kifuko kidogo karibu na tundu lake la haja, kiitwacho bursa ya Fabricius kwa jina la mwanaanatomia wa Padua aliyekieleza. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuku aliyeondolewa kifuko hicho akiwa mchanga hushindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo. Mwaka 1965 Max Cooper na wenzake wakazitenga seli zinazotegemea kifuko hicho na zile zinazotegemea tezi ya thimasi. Ndizo zilizokuja kuitwa B na T. Binadamu hana bursa. Seli zake B huzaliwa katika uboho wa mifupa, na kwa bahati jina la uboho kwa Kiingereza nalo huanza na B, basi hakuna aliyeona haja ya kubadili. Tunaandika seli B katika vitabu vyetu tukidhani tumeandika herufi, kumbe tumeandika anwani, tena anwani ya kuku.

Kisa hicho ni zaidi ya kichekesho cha wanaetimolojia. Kinaonyesha kwamba waasisi wa elimu hii walianza kwa kuuliza mahali. Tangu hapo swali limezidi kupanuka, kwa maana imedhihirika kwamba seli B hazikutapakaa mwilini sawasawa kama chumvi katika mchuzi. Kila mahali pana aina zake, na kila aina ina kazi yake.

Chukua bandama, ambayo kamusi nyingine huiita wengu. Katika ukingo wa sehemu ambamo damu huchujwa, pana seli B ambazo hujibu upesi, bila kungoja msaada wa seli T, zinapokutana na bakteria waliojifunika utando wa sukari, kama wale wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Watoto walio chini ya miaka miwili hawana uwezo huo kwa ukamilifu. Mtu aliyekatwa bandama baada ya ajali hubaki na seli B nyingi mno mwilini, lakini huweza kuuawa kwa siku moja au mbili na bakteria ambao jirani yake huwashinda. Ukimpima kwa kiasi, hana pungufu la kutisha. Ukimuuliza mahali, utaona pengo.

Na si ajali tu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Katika ugonjwa huo chembe nyekundu zilizojikunja huziba mishipa ya bandama, nayo hufa kidogo kidogo, aghalabu katika miaka ya kwanza ya uhai. Ndiyo sababu watoto hao hupewa penisilini kila siku hadi wafikishe miaka mitano, na ndiyo sababu huhimizwa kupata chanjo ya bakteria wa nimonia iliyoundwa kwa kuunganisha sukari ya bakteria na protini, ili seli B za sehemu nyingine zisaidiwe na seli T kufanya kazi ambayo bandama haiwezi tena. Mzazi anayeambiwa tu kwamba "kinga ya mtoto iko chini" hana njia ya kuelewa kwa nini dawa itolewe kila siku hata mtoto anapocheza na kula vizuri. Mzazi anayeambiwa kwamba pale bandamani pamekufa walinzi wa damu, anaelewa kwamba afya ya leo hairudishi mahali palipokufa.

Katika tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani watu huziita mtoki, na katika mafindofindo ya kooni, seli B huishi kwa vikundi na hufanya kazi polepole zaidi. Husubiri seli T, hujigawa, hubadili kingamwili zao kwa majaribio mengi mpaka zipate zinazoshika barabara. Baadhi yake hugeuka kuwa seli za kumbukumbu. Nyingine hugeuka kuwa seli plazma, yaani viwanda vya kingamwili, na sehemu ya hizo husafiri kurudi katika uboho zilikozaliwa bibi zao na kukaa humo miaka mingi, pengine miongo kadhaa. Mapafuni, baada ya homa ya mafua, imeonekana katika panya kwamba hubaki seli B za kumbukumbu zisizosafiri tena. Katika uwazi wa tumbo na wa kifua cha panya wanazo pia aina ya seli B zinazotoa kingamwili hata kabla ya vijidudu kuingia. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, na mwanaisimu hana haki ya kuamua ubishi huo.

Utumbo ndio mahali penye utajiri kuliko pote. Sehemu kubwa ya seli zitoazo kingamwili katika mwili wa binadamu zimo katika kuta za utumbo, na kingamwili ya aina ya imunoglobulini A inayotolewa huko kila siku huzidi aina nyingine zote kwa wingi. Seli hizo hazikufika humo kwa kubahatisha. Seli B inapoamshwa katika tezi zilizomo ukutani mwa utumbo, hupewa alama ya kuirudisha utumboni, na mojawapo ya vitu vinavyohitajika katika kuandika anwani hiyo ni zao la vitamini A. Mama anyonyeshaye, baadhi ya seli zilizoamshwa utumboni mwake huhamia katika matiti yake. Mama aliyeteremka kutoka Sumbawanga na kukaa Milepa humpa mwanawe, katika maziwa, kingamwili za vijidudu vya Milepa. Huo ni uhamiaji ndani ya uhamiaji.

Damu, ambayo ndiyo tunayoipima hospitalini, ina takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili. Anayehukumu kinga nzima kwa kutazama damu ni sawa na mtu anayeandika sensa ya Mkoa wa Rukwa kwa kuhesabu abiria wa mabasi ya Tunduma. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha ramani ya koo za seli B katika sehemu nane za miili ya watu sita waliofariki na kutoa viungo vyao. Ninatumia neno koo kwa makusudi, kwa kuwa seli hizo hutambulikana kwa nasaba: zilizotoka kwa seli mzazi mmoja ni ukoo mmoja. Waliona makundi makuu mawili. Kuna koo zilizotawanyika katika damu, uboho, bandama na mapafu. Na kuna koo za njia ya chakula, ambazo hushirikiana utumbo kwa utumbo na kuchanganyika kwa uchache na zile za kwanza. Ni kama jamii mbili zinazojuana na kuoana mara moja moja, lakini kila moja ina kwao.

Juu ya uwanda na chini bondeni

Kabla ya kuingia Milepa, inafaa kukumbuka kwamba elimu ya seli B imewahi kuunganisha mahali pa mwili na mahali pa nchi katika Afrika Mashariki yenyewe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao baadaye ulijulikana kuwa ni saratani ya seli B. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000 kuelekea kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Walichokiona ni kwamba ugonjwa huo ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Karibu na ikweta mpaka ulikuwa kwenye mita 1,500 hivi. Leo tunajua kwamba malaria ya mfululizo na virusi vya Epstein na Barr, ambavyo hujificha katika seli B, vina mkono katika saratani hiyo. Na mahali pa mwilini pia hutofautiana: katika maeneo yetu ya malaria taya huathirika mara nyingi, ilhali katika nchi za baridi ugonjwa huo huo hupendelea tumbo.

Mtu anayeteremka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kutoka Sumbawanga, mji ulio juu ya mita 1,700, hadi katika bonde la ziwa lililo katika mita 800 hivi, huvuka mpaka wa namna hiyo katika mwendo wa saa chache. Wenyeji wanaujua mpaka huo vizuri sana bila ya kusoma Burkitt. Wa juu akishuka kwa kilimo cha mpunga au kwa biashara ya samaki hutegemea kuugua. Mtoto wa bondeni ameugua mara nyingi tangu utotoni, na zamani wapimaji wa malaria walikadiria makali yake katika kijiji kwa kupapasa bandama za watoto. Kwa watu hawa, kusema kwamba kinga ina mahali pake si jambo geni. Wao wenyewe huishi katika mahali pawili.

Sasa tutazame yaliyotokea. Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondokana na polio mwaka 2015, baada ya mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili kuonekana mwaka 1996. Aprili 2016 nchi zilizokuwa zikitumia matone ziliacha kutia aina ya pili ya virusi katika matone hayo, kwa kuwa virusi vya asili vya aina hiyo vilikuwa vimekwisha kutokomezwa duniani. Ulinzi dhidi ya aina ya pili ukaachiwa sindano, ambayo katika nchi yetu ilianza kutolewa baadaye. Mwaka 2023 ikathibitika kwamba mtoto mmoja Mkoani Rukwa alikuwa amepoozwa na virusi vya aina hiyo hiyo ya pili. Si vya asili, bali vile vilivyotokana na chanjo ya zamani ya matone, ambavyo vikizunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa vya kutosha hurudia ukali. Septemba ya mwaka huo matone ya chanjo mpya yalitolewa kwa watoto walio chini ya miaka minane katika mikoa ya Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe.

Nilikuwa Milepa baada ya kampeni hiyo, nikikusanya majina ya viungo vya mwili katika Kifipa. Mgeni mwenye daftari vijijini hudhaniwa kuwa ni mtu wa afya, nami niliulizwa swali moja mara nyingi kuliko yote. Mama mmoja alilisema hivi: "Mwalimu, mwanangu alikwisha kuchomwa sindano ya polio, na kadi ninayo. Yale matone yalikuwa ya nini tena?" Jibu alilokuwa amepewa ni kwamba yalikuwa ya kuongeza kinga. Jibu hilo si la uongo. Lakini mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni alilibomoa kwa sentensi moja: "Mtungi uliojaa hauongezwi maji." Mantiki ya mzee ni timilifu. Kama kinga ni kiasi, na kadi inaonyesha kwamba kiasi kimetimia, basi anayetaka kuongeza ama hajui anachokifanya ama anaficha jambo. Kutoka hapo hadi uvumi kwamba matone yana nia mbaya ni hatua moja, na hatua hiyo, kama ijulikanavyo, imekwisha kupigwa katika nchi nyingi na watoto wakalipa.

Sitiari ya mtungi hatukupewa na mzee yule. Ni sisi wenye kalamu tuliompa.

Laiti tungesema mahali, jibu lingekuwa jepesi. Sindano huchomwa pajani. Seli B zinazoamshwa ni zile za tezi zilizo karibu, na kingamwili zake hujaa damuni. Virusi vikijaribu kupita damuni kwenda katika mishipa ya fahamu, hukamatwa, mtoto hapoozi. Lakini makazi ya virusi vya polio ni utumboni, na huko kingamwili za sindano hufika kwa uchache. Mtoto aliyechomwa sindano tu anaweza kubaki mzima kabisa huku utumbo wake ukivilea virusi na kuvitoa katika choo, hata vikamfikia mtoto wa jirani ambaye hakuchanjwa. Matone hupita njia ile ile wanayopita virusi, yakaamsha seli B zilizomo ukutani mwa utumbo, zikapewa anwani ya humo humo na kutoa kingamwili humo humo. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2014 umetuongezea jambo ambalo kwa Kiswahili husemeka kwa ufupi wa kupendeza: mtoto aliyewahi kupata matone, ukimchoma sindano, kinga ya utumbo wake huamka tena. Sindano huamsha zilizomo, haipeleki zisizokuwamo.

Kipindupindu nacho hufuata kanuni hiyo. Zanzibar mwaka 2009 ilitoa chanjo ya kunywa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba waliokunywa dozi zote mbili walikingwa kwa asilimia 79. Ilinywewa kwa sababu bakteria wa kipindupindu wenyewe hunywewa.

-po, -ko, -mo

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu amefundishwa kwamba Kiswahili kina ngeli tatu za mahali. Nyumbani pamefagiwa, nyumbani kumefagiwa, nyumbani mmefagiwa: nomino moja, lakini mahali patatu, yaani mahali mahususi, eneo lisilo na mpaka dhahiri, na ndani. Tumeufundisha utatu huo kwa mifano ya nyumba, meza na shamba kwa muda mrefu hata tumesahau kwamba ni chombo cha kufikiria. Mwili wa binadamu ni mahali panapoudai. Seli za ukingo wa bandama zipo. Zina pahala pao panapoonyesheka chini ya hadubini. Seli zinazozunguka katika damu na limfu ziko. Leo huku, kesho kule. Seli plazma za uboho na za ukuta wa utumbo zimo. Kiingereza kina kihusishi na nomino; hakina upatanisho wa kisarufi unaomlazimisha msemaji kuchagua kati ya hali hizo tatu kila atamkapo kitenzi.

Sisemi kwamba sarufi ilijua elimu ya seli kabla ya wanasayansi. Wala sidai kwamba mgawanyo wa -po, -ko na -mo unalingana kila mara na uainishaji wa maabara. Ninasema tu kwamba lugha inayomtaka msemaji aamue kama kitu kipo, kiko au kimo, inamzuia kukiacha kikielea.

Pana pingamizi mbili ambazo hazina budi kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wasemaji wengi wa bara wamekwisha kuuacha utatu huo, na husema iko kwa kila kitu. Ni kweli, na walimu wa shule za sekondari wanalijua jambo hilo kwa uchungu. Lakini Kifipa, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu za ukanda huo, huweka viambishi pa-, ku- na mu- mwanzoni mwa nomino yenyewe, hivyo msemaji wake husikia tofauti hiyo kila siku katika lugha ya mamaye. Na kuhusu mwili hasa, Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1967 makala iliyoonyesha jinsi Wafipa wanavyotumia kichwa na kiuno kuelezea mpangilio wa jamii yao. Watu waliozoea kuuona mwili kama nchi na nchi kama mwili hawahitaji kurahisishiwa jambo hili kwa kunyang'anywa viambishi. Pengine ni mji wa Dar es Salaam unaohitaji somo kutoka bondeni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: majina ya mahali huzeeka. Seli B wenyewe ni ushahidi, maana tumebaki na jina la kifuko tusichokuwa nacho. Zaidi ya hayo, seli za ukingo wa bandama katika panya hukaa bandamani, lakini kwa binadamu aina inayofanana nazo huonekana pia katika damu. Tukiunda leo istilahi kama selibandama au selitumbo, kesho zitatusuta. Ninakubaliana na pingamizi hili, na ndilo linalonifanya nitofautiane na wanaistilahi wenzangu wanaopenda kuambatisha. Selimundu ni istilahi bora kwa sababu umbo la mundu ndiyo sifa ya ugonjwa. Haitegemei chembe imesimama wapi. Mahali pa seli B si umbo. Mahali pake pasiwe ndani ya jina, bali ndani ya kiarifu na kirejeshi: seli B zilizomo utumboni, seli B zilizopo bandamani, seli B zilizoko safarini. Jina libaki seli B, lenye kasoro zake za kuku, kwa kuwa limekwisha kukubalika duniani kote. Utafiti ukigeuka, tutabadili kirejeshi, na kamusi haitahitaji kuchapishwa upya.

Watakaosema kwamba virai hivyo ni virefu mno wapime kwanza urefu wa maelezo yanayohitajika mzee akishauliza habari za mtungi.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ilifanya kazi kubwa ya kutupa nomino. Taasisi iliyorithi kazi hiyo mwaka 2009, yaani TATAKI, pamoja na BAKITA, zingetusaidia kwa jambo tofauti kidogo: mifano ya sentensi. Kidahizo kingamwili kitenganishwe na kinga, na kila kimoja kipewe sentensi yenye mahali. Baina ya bandama na wengu ningechagua bandama katika maandishi ya umma, kwa sababu mgonjwa husema ana bandama na si kwamba ana wengu, ingawa vitabu vya wanafunzi vinaweza kuyabakiza yote mawili. Na kwa mabango ya chanjo ninapendekeza sentensi tatu tu: Sindano imeweka kinga damuni. Virusi vya polio hukaa utumboni. Matone yanaweka kinga humo humo utumboni. Zijaribiwe Milepa, Mtowisa na Ilemba, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, na wajaribuji wamwombe kila msikilizaji azieleze upya kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.